Mkamelia wa Shemeji na Kikombe cha Jivu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha jikoni, na miwani iko puani, si ndani ya friji kama mara ile. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia linanisumbua nikipanda ngazi za kazini, lakini linanisamehe nikishuka, kwa hiyo nusu ya siku mimi ni mzima kabisa. Wifi yako hajambo naye, ameniagiza nikuambie kwamba kile kitambaa kimeshashonwa na kimemkaa vizuri mpaka mimi mwenyewe, ambaye huwa sioni kitu, nimeona. Wanao wazima. Mkubwa anamwamkia shangazi yake na anasema atakuandikia wiki hii, lakini wewe unamjua.

Hofu yangu iko kwako, kifua chako na baridi hii, na huo mti. Nakuomba uisome barua hii yote ukiwa umekaa, kabla hujatoka kwenda bustanini.

Barua yako niliipata Jumanne moja ya mwezi uliopita. Kurasa nne, na tatu kati ya hizo ni za mkamelia. Umenieleza jinsi majani yalivyogeuka njano huku mishipa yake imebaki kijani, na jinsi matumba yanavyovimba, yakakutia moyo, kisha yakadondoka yote kabla ya kufunguka, unayaokota asubuhi kama vifungo vya shati. Umenieleza pia habari za mkweo, kwamba anataka kumwaga zege pale nyuma ili gari lake lilale ndani ya geti, na kwamba mpwa wangu naye amesimama upande wa mumewe. Umewaambia wasubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mti ukifungua hata ua moja, unabaki. Usipofungua, walete saruji. Umesema umechoka kuutazama ukifa.

Sentensi hiyo niliisoma nikaweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Najua mti ule ni nini. Nakumbuka marehemu shemeji alipostaafu udereva wa treni, wenzake walitaka kumpa saa ya ukutani, akawaambia ameangalia saa miaka thelathini na tatu inamtosha, wampe mti. Akaja nao nyumbani umekaa kwenye kopo la rangi, ameupakata kwenye kiti cha basi kana kwamba yeye ndiye abiria wa mti. Mwaka ule wa kwanza ulitoa maua saba, na shemeji alinipigia simu mara saba. Baada ya hapo haukutoa tena. Bustani yenyewe ukitandika magodoro matatu imejaa, kamba ya nguo inapita katikati, lakini pale pembeni ya ukuta wa jirani alipaita shambani. “Niko shambani,” alikuwa akisema, na wewe unamwona mgongo wake kupitia dirisha la jikoni.

Sasa, uliniomba nikutafutie maelezo ya kuaminika ya kutunza mkamelia kwenye bustani ndogo. Ulisisitiza: si maneno ya mtaani, si nasikia-nasikia, bali kitu kilichochapishwa na chenye mwenyewe. Ukaongeza kwamba mdogo wako anafanya kazi mahali vitabu vinapozaliwa, atashindwaje. Nilikujibu siku ileile kwamba nimekubali kwa mikono miwili. Hapo ndipo ulipopaswa kushtuka, Dada, maana tangu lini mimi nikapewa kazi nisilalamike?

Nilianza nyumbani. Wifi yako ana simu kubwa kama sahani, na jioni akishaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto hakuna jambo la dunia hii asilolijua. Nikamwambia atafute mikamelia. Hazikupita dakika tano tukawa na wataalamu ishirini sebuleni. Mmoja anasema mti huu unataka jua la kutwa, mwingine anasema jua litauunguza, uweke kivulini. Yuko aliyesema umwagiwe kahawa, yuko aliyesema maziwa ya baridi. Kijana mmoja aliyevaa glavu mpya, ambazo bado zilikuwa zimeunganishwa kwa uzi wa dukani, alizungumza robo saa nzima mbele ya mti ambao wifi yako, bila kutoa miguu kwenye beseni, alisema ni mwaridi. Nikaangalia vizuri. Ulikuwa mwaridi.

Lakini kulikuwa na jambo moja watano kati yao walilokubaliana: kikombe kimoja cha jivu la kuni, kila mwezi, kuzunguka shina. Nilifurahi, Dada. Nilifurahi kupita kiasi, mpaka wifi yako akaniuliza ninachekelea nini. Nikamwambia inapendeza watu wakikubaliana. Akanijibu kwamba watu watano walio ndani ya simu moja ni mtu mmoja tu, akaniambia nimletee taulo.

Kesho yake nikitoka kazini nikapitia kwa muuza miche wa pale mkabala na fundi baiskeli. Huyu watu wanamwita Daktari wa Maua, jina ambalo inasemekana alijipa mwenyewe na likakubalika kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Anazungumza kidole kikiwa juu. Alinieleza habari za mikamelia toka pale nilipoegemea meza yake mpaka mguu wangu ukafa ganzi, na katikati ya maelezo likaja lile jivu, kikombe kimoja, kila mwezi. Nikamuuliza yeye mwenyewe ameshaona mikamelia mingapi ikichanua. Akashusha kidole. Akasema, kwa ukweli ambao nilimheshimu, kwamba hajawahi kuona hata mmoja, kwa sababu yeye huiuza ikiwa na matumba, na yakifunguka au yasipofunguka hayo yanatokea kwa mteja. Habari za jivu alizipata kwa mteja wake mmoja, karani mstaafu wa mahakama, ambaye analo kwa maandishi.

Uliposema kitu chenye maandishi, Dada, mahakama inatosha kabisa. Nikaenda.

Karani anakaa ghorofa ya chini, na bustani yake ni makopo sita kwenye kibaraza. Alinipokea akiwa amefunga tai, nyumbani kwake, siku ya mapumziko. Alinikalisha, akaandika jina langu kwenye daftari, akaniuliza shida yangu, kisha akaleta faili lenye kamba. Akafungua kamba, akalowesha kidole, akatoa karatasi iliyotolewa fotokopi kutoka kwenye fotokopi nyingine, imefifia mpaka maneno ya pembeni yameondoka. Alinisomea akiwa amesimama. Mkamelia, jivu, kikombe, kila mwezi. Alipomaliza akanitazama juu ya miwani na kusema kwamba hiyo imechapishwa, na akafunga faili kama mtu aliyefunga kesi. Nikamuuliza kwa upole kuhusu makopo mawili ya mwisho kule kibarazani, yale yenye vijiti vikavu. Akasema hiyo ndiyo ilikuwa mikamelia yake, na kwamba haikufuata maelekezo.

Nilitoka pale furaha imenipungua. Watu watatu, na wote wana jibu moja, na hakuna hata mmoja mwenye ua.

Nikaona niende maktaba. Mkutubi ni dada mmoja wa makamo ya mpwa wangu, anavaa sweta mwaka mzima na anachomeka penseli kwenye nywele akasahau, kisha anachomeka nyingine. Nilimweleza kwamba nataka kitabu cha mikamelia ya bustani ndogo, na kwamba habari ya jivu tayari ninayo kwa mashahidi watatu, yeye anithibitishie tu. Akaniuliza wao waliambiwa na nani. Nikamwambia wa pili aliambiwa na wa tatu, wa tatu ana karatasi, wale wa kwenye simu sijui. Akaniuliza karatasi iliandikwa na nani. Nikakohoa. Akaniambia kwamba yeye akitaka kumwamini mtu huwa anauliza mambo matatu: je, mti anao mwenyewe, anao kwa miaka mingapi, na akikosea huwa anaandika wapi. Hilo la tatu, alisema, ndilo watu wengi huwa hawana.

Aliniletea vitabu viwili. Cha kwanza ni kikubwa, kizito, chenye picha za bustani ambazo ndani yake kuna ziwa. Ukurasa wa mikamelia unaanza kwa kushauri uwaagize watunza bustani wako. Nikamrudishia. Cha pili ni chembamba, kimechakaa, nacho ni cha kilimo cha chai. Nikamwambia mimi nimefuata maua, sikufuata kinywaji. Akakifungua akaniwekea kidole: chai na kamelia ni ndugu wa tumbo moja, na wote wanataka udongo wenye uchachu. Chini yake kitabu kinasema mkulima asitie chokaa wala jivu, kwa sababu udongo ukiondokewa na uchachu wake chakula kinakuwemo lakini mizizi haiwezi kukichukua, na majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani.

Niliisoma mistari hiyo mara tatu. Ni majani yako, Dada. Ni kana kwamba aliyeandika alisimama kwenye dirisha la jikoni kwako.

Nilibisha. Nilimwambia mkutubi kwamba ndugu wa tumbo moja si lazima wale chakula kimoja, mimi na dada yangu tumelelewa pamoja na yeye kitunguu hakigusi. Akacheka, akasema sawa, basi niache karatasi, nizunguke mji mpaka nione mkamelia wenye maua, kisha niulize nani anaumwagilia. Alisema hiyo ndiyo maktaba nyingine.

Nikazunguka. Wiki mbili nilirudi nyumbani nimechelewa chakula, wifi yako akaanza kuniangalia kwa jicho ambalo mume yeyote analijua, mpaka nikamchukua siku moja tukazunguka pamoja ili aone kwamba kweli natafuta mti. Na ni yeye aliyeuona. Tulikuwa tunapita nyuma ya hospitali, upande wa chumba cha kufulia, pale penye bomba linalotoa mvuke, akanishika mkono. Juu ya ukuta kulikuwa na maua mekundu. Tukachungulia getini. Mapipa kumi na moja yaliyokatwa nusu, yamepangwa kwenye kivuli cha ukuta, na kila pipa mkamelia, na mingi kati yake imechanua: myekundu, myeupe, na mmoja wa waridi wenye michirizi. Sijui kwa nini machozi yalinilenga. Nilimwambia wifi yako ni mvuke wa sabuni.

Mwenyewe ni msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mfupi mwenye mikono ya mtu aliyekamua mashuka maisha yake yote. Wafanyakazi wanamwita Mama Mvuke. Mwanzoni alidhani tumefuata shuka lililopotea, akaanza kujitetea kabla hatujasalimiana. Tulipomwambia tumefuata maua akatuletea viti.

Nilimuuliza maswali ya mkutubi. Mti anao? Anayo kumi na moja. Miaka mingapi? Kumi na tisa. Kisha nikamuuliza mbolea gani ndiyo bora kuliko zote, akanijibu kwa sauti ya kawaida tu: “Sijui. Nimetumia moja tu.” Nikamuuliza kwa nini ule mweupe unatangulia kuchanua kabla ya mwekundu. Akasema hilo pia hajui, angependa kujua. Dada, nilikuwa nimezunguka kwa watu wote wale na huyu ndiye alikuwa wa kwanza kusema hajui. Nikatoa kalamu.

Haya ndiyo aliyonieleza. Yeye huimwagilia maji ya mvua anayokinga kwenye pipa, kwa sababu maji ya bomba yana chokaa. Aliijua kwa kuiona inavyoganda kwenye pasi zake, akasema kinachoziba pasi hakiwezi kuwa kizuri kwa mzizi. Jua la asubuhi linatosha, mchana mti uwe kivulini. Usilizike shina, mizizi yake inakaa juujuu. Chini yake weka majani yaliyooza, usichimbechimbe. Matumba yakishatokea, udongo usikauke hata siku moja, na maji yasituame pia. Na kama mti uko kwenye pipa, usilisogeze, maana matumba hudondoka kwa vitu vidogo kama hivyo. Ukitaka kupogoa, pogoa mara tu maua yanapokwisha, ukichelewa unakata maua ya mwakani.

Kisha nikamuuliza habari za jivu. Niliuliza kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeuliza saa.

Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada gumu. Mbele wanahesabia mashuka, nyuma yeye anaandika mikamelia yake. Alifunua kurudi nyuma miaka kumi na moja. Pale palikuwa na ukurasa wa jarida umebandikwa kwa gundi, si fotokopi, ukurasa wenyewe, na chini yake kwa mwandiko wake ameandika: “Nimefuata karatasi hii miezi minne. Miwili imekufa. Jivu basi.” Akaniambia hamjui huyo mtaalamu wa jarida ni nani, lakini angependa aje siku moja amsaidie kusogeza mapipa.

Nilikaa kwenye ndoo, ingawa kiti kilikuwepo.

Sasa nimefika penye pagumu, Dada, na kama umeshika kikombe cha chai kiweke mezani.

Ukurasa ule niliupanga mimi. Unaujua, ndio huo ulio kwenye fremu ukutani kwako. Mwezi ule mhariri wa jarida alituletea makala fupi ya mikamelia, iliyoandikwa na mama mmoja aliyejua anachosema, na ndani yake hapakuwa na jivu. Ilikuwa fupi mno. Ilipokaa kwenye ukurasa ikaacha pengo chini, mistari minne. Kazini kwetu pengo halikubaliki, linazibwa. Kwa kawaida unaweka kijipicha cha ua, au maneno ya kukaribisha matangazo. Kijipicha nilikuwa nimeshakitumia hapo juu. Mhariri alikuwa amekwenda kung'oa jino. Fundi wa mashine alikuwa amesimama mlangoni ananiita majina. Nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa akimwagia jivu kabichi zake na zikatoka kubwa kama mipira, nikaandika: “Mtaalamu wetu anashauri: upe mkamelia wako kikombe kimoja cha jivu la kuni kila mwezi, nao utakushukuru kwa maua.” Maneno hayo yakaenea mistari minne kamili, bila kubana wala kuvuta. Niliona fahari kwa jinsi yalivyoenea. Mtaalamu wetu ni mimi, mdogo wako, ambaye siku hiyo nilikuwa sijawahi kuona mkamelia kwa macho isipokuwa ule wa shemeji kwenye kopo.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nilijua unao. Mwaka uliofuata nilikuja kuwatembelea, nikaukuta ukurasa ukutani, na nikamkuta shemeji na kile kikombe kilichokatika mkono, anapima jivu na kulisawazisha juu kwa kisu kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Aliniambia mtaalamu huyu anasema moja kwa moja, hazunguki, angependa siku moja ampe mkono. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikajiambia jivu halijawahi kumdhuru mtu, na mwaka hadi mwaka nikawa najiambia hivyohivyo. Barua yako ilipokuja na yale majani ya njano, sikutoka kutafuta ukweli. Nilitoka kutafuta mtu mmoja tu wa kuniambia kwamba sikukosea. Nikawapata wengi, na wengi wao, nadhani hata wale wa kwenye simu, walikuwa wamechota kwangu.

Mara ya mwisho nilipokaa na shemeji kitandani kwake hospitali, hakuzungumzia maumivu. Alizungumzia mti. Aliniambia: “Mimi nina mkono mzito, shemeji. Nikipanda kitu hakinitaki.” Na wewe pia nimekusikia ukilisema hilo mbele za watu, mwanzoni kwa kumtania, siku hizi kwa huzuni. Nakuomba usiliseme tena, Dada. Mkono wake haukuwa na kosa lolote. Alifanya kila alichoambiwa, kwa kipimo, kila mwezi, miaka minane, na wewe ukaendeleza miaka mitatu kwa sababu yake. Kosa lilikuwa langu, na yeye amekwenda akidhani ni lake. Ningeweza kumwambia pale pale, nilikuwa nimemshika mkono wenyewe.

Mama Mvuke nilimwambia siku ileile, kabla sijainuka kwenye ndoo. Akanionyesha mapipa manne ambayo maua yake yamekwisha na yanatakiwa kusogezwa karibu na ukuta. Nimeyasogeza yote, na ndiyo habari kamili ya goti langu. Wifi yako alikaa kwenye kiti akinihesabia.

Kwa mhariri pia nimekwenda. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Jarida la mwezi huu lina sahihisho, ukurasa wa pili, herufi kubwa, na chini yake nimeweka jina langu kamili na kazi yangu, mpanga kurasa. Kisha yanafuata maelezo ya Mama Mvuke jinsi alivyoyatoa, pamoja na yale asiyoyajua, na mkutubi ameyapitia neno kwa neno. Kwa kuwa wewe huamini mpaka kiwe kimechapishwa, nimekuwekea prufu, yaani nakala ya majaribio ya ukurasa huo, ndani ya bahasha hii. Utaona chini ya ukurasa kuna nafasi tupu ya mistari mitano. Fundi wa mashine aliniuliza niweke nini pale. Nikamwambia pabaki peupe.

Nilimuuliza Mama Mvuke kama mti wako utapona. Alisema hajui. Alisema ukwaruze gome kwa ukucha, karibu na shina. Kama chini yake ni kijani, upo hai, na ukibadilishiwa udongo wa juu na kupewa maji ya mvua unaweza kurudi, lakini si mwezi huu wala ujao, pengine ni baada ya misimu miwili ya maua. Kwa hiyo ile ahadi yako na mkweo haikuwa ya haki, maana ulimwahidi kwa kutumia maneno yangu. Uombee mti misimu hiyo miwili. Mwambie mkweo kwamba mjomba wa mkewe ndiye mwenye deni hapo, si mti, na kama ni lazima zege limwagwe mahali, animwagie mimi miguuni.

Wifi yako anakusalimia sana na anasema, nikinukuu, usinipige kichwani kwa sababu bado ananihitaji. Wanao wanakusalimia. Mama Mvuke naye amekutumia salamu ingawa hamjuani, na gunia la majani yaliyooza ambalo nitakuja nalo. Nipo kwenye basi la kwanza Jumamosi, na koleo langu. Nikikuta mlango wa mbele umefungwa nitaelewa, sitagonga mara mbili. Nitazunguka nyuma, maana kazi yangu iko huko, na utaniona mgongo kupitia dirisha la jikoni.

Ubaki salama mpaka hapo, dada yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyechelewa kusema.